Jinsi ya kuongeza usajili wa watumiaji kwenye mfumo wa kuingia wa tovuti

Karibu, mtazamaji. Katika mfumo wa kuingia tuliokwisha kuujenga, kila mtumiaji mpya humsubiri msimamizi wa tovuti amwandike kwa mkono ndani ya hifadhidata, jambo linalochosha na linalomfanya msimamizi azijue nywila za kuanzia za watu wote. Leo tutamwezesha mgeni ajifungulie akaunti mwenyewe kwa kutumia lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL. Utaona kwamba fomu ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba anayejisajili ndiye mwenye anwani ya barua pepe aliyoiandika.

Tuanze na jedwali la watumiaji, ambalo sasa liko kwenye skrini. Ipe safu ya barua pepe sharti la UNIQUE, ili hifadhidata yenyewe ikatae anwani iliyokwisha kusajiliwa. Wako wanaoridhika na kuuliza kwanza kama anwani ipo, kisha wakaiingiza isipopatikana, lakini maombi mawili yakifika kwa pamoja yote huambiwa kwamba haipo, na unabaki na akaunti mbili za mtu mmoja. Safu ya nywila iwe na nafasi ya herufi 255. Kisha ongeza safu tatu mpya: ya tarehe ya kuthibitishwa, ambayo inaruhusiwa kubaki tupu, ya hashi ya tokeni yenye herufi 64, na ya muda wa tokeni kwisha. Tokeni ni msimbo wa siri wa kuthibitishia akaunti, na hashi ni alama inayokokotolewa kutokana na maandishi, ambayo haiwezi kugeuzwa ikawa maandishi ya awali.

Kabla hujasonga mbele, endesha amri ya UPDATE inayowajazia watumiaji wa zamani tarehe ya kuthibitishwa. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii, na kulipokucha hakuna mtu aliyeweza kuingia kwenye tovuti, mimi msimamizi nikiwemo.

Fomu haina mengi: barua pepe, nywila, kitufe cha kuionyesha nywila, na ile tokeni iliyofichwa ya kuzuia maombi yanayotoka tovuti nyingine, ambayo tayari tunaitumia kwenye ukurasa wa kuingia. Usimzuie mtu kubandika nywila, kwa sababu utamkwamisha yule anayetumia programu ya kuhifadhi nywila, ambaye ndiye mwangalifu kuliko wote.

Sasa twende kwenye faili inayoipokea fomu. Ondoa nafasi tupu pembeni mwa barua pepe na uikague kwa filter_var, lakini nywila usiiguse, kwa kuwa nafasi aliyoiweka mwishoni huenda ameikusudia. Idai isipungue herufi 8 wala isizidi baiti 72, maana bcrypt, njia ya kutengeneza hashi ambayo password_hash huitumia kwa sasa ukiipa chaguo la PASSWORD_DEFAULT, husoma baiti 72 za mwanzo na kuziacha zilizosalia bila kukuarifu. Baada ya hapo ipitishe kwenye password_hash, kisha uingize safumlalo mpya kwa prepare na execute, ambazo hutenganisha amri ya hifadhidata na data ya mtumiaji. Tazama hapa: nimesajili akaunti mbili za majaribio kwa nywila ileile, na hashi zake zimetofautiana, ingawa zote zinaanza kwa $2y$ na kila moja ina herufi 60. Cheo cha mtumiaji kiandikwe na seva yenyewe. Ukikichukua kutoka kwenye fomu, atatokea mgeni atakayejipa usimamizi.

Hatua inayofuata ni uthibitisho. Tengeneza tokeni kwa random_bytes(32), uigeuze kwa bin2hex iwe herufi 64, na uitume ndani ya kiungo kwa barua pepe. Kwenye jedwali usiiweke yenyewe, bali weka hashi yake ya SHA-256 pamoja na muda wa saa 24, ili anayefanikiwa kuisoma hifadhidata asiweze kuzithibitisha akaunti za wengine. Kiungo kikifunguliwa kisithibitishe chochote papo hapo, kwa sababu baadhi ya mifumo ya barua pepe hufungua viungo ili kuvikagua kabla mwenyewe hajaviona. Kifungue ukurasa unaoomba nywila aliyojisajilia, na ikilingana ndipo ujaze tarehe na kuifuta tokeni. Kwa njia hiyo, mtu aliyejisajili kwa anwani ya mwenzake hawezi kumfanya mwenye anwani aidhinishe akaunti ambayo nywila yake anaijua mtu mwingine.

Anwani ikiwa tayari imesajiliwa, MySQL itarudisha kosa namba 1062. Likamate, lakini ujumbe wa kwenye skrini ubaki uleule: "Tumekutumia barua pepe, tafadhali ifungue." Mwenye akaunti iliyothibitishwa atumiwe taarifa kwamba kuna aliyejaribu kujisajili kwa anwani yake, ambaye hajathibitisha atumiwe kiungo kipya. Ukimwambia kila anayeuliza kwamba anwani fulani ipo, umewapa wadukuzi orodha ya wateja wako bure. Weka pia kikomo cha maombi kwa kila anwani ya IP, la sivyo fomu yako itatumika kuwajazia watu barua.

Rudi sasa kwenye faili ya kuingia. Chini ya password_verify, inayolinganisha nywila na hashi yake, ongeza sharti kwamba tarehe ya kuthibitishwa isiwe tupu, na asiyethibitisha apewe kitufe cha kutumiwa kiungo upya. Anayeruhusiwa apitie session_regenerate_id(true), inayompa kitambulisho kipya cha kikao, kabla ya kufika ndani.

Fanya majaribio kwa kujisajili, kuthibitisha, kisha kukibofya kiungo kilekile mara ya pili. Ukurasa ukikukatalia, mfumo uko tayari kupokea wageni.