Uwanja Uliojengwa Palipokuwa na Shule

Wakubwa wangu shikamooni, vijana hamjambo. Tukizungumzia uwanja, swali letu la kwanza huwa: unaingiza watu wangapi? Kwa uwanja wa Kamaishi, mji mdogo wa pwani ya kaskazini-mashariki mwa Japani, jibu ni fupi: kama 6,000. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la Raga la 2019 waliongeza majukwaa ya muda, wakafika 16,000. Basi. Mimi leo nataka tuitazame ardhi yenyewe.

Pale Unosumai, eneo la Kamaishi ulipo uwanja huo, palikuwa na shule mbili jirani, ya msingi na ya sekondari. Machi 11, 2011, ardhi ilipotetemeka, wanafunzi wa sekondari walitoka mbio kuelekea mlimani. Wadogo zao wa shule ya msingi walikuwa wamepandishwa ghorofa ya tatu. Walipowaona wakubwa wanakimbia, nao wakateremka, wakawafuata. Njiani wakubwa wakawashika mikono. Mahali pa kwanza walipokimbilia wakaona hapatoshi, wakapanda juu zaidi, kisha juu tena. Tsunami ikazimeza shule zote mbili. Watoto karibu 600 waliokuwa shuleni saa ile walisalimika, katika mji uliopoteza watu zaidi ya 1,000.

Ndipo hapo ulipojengwa uwanja. Wapo wenyeji waliouliza: uwanja wa nini, na watu bado wanalala kwenye nyumba za muda? Swali la haki kabisa, ndugu zangu. Lakini raga ni damu ya Kamaishi. Timu ya kiwanda chao cha chuma ilitwaa ubingwa wa taifa mara 7 mfululizo, 1979 hadi 1985. Uwanja ukafunguliwa Agosti 2018, na baadhi ya viti vyake ni mbao za miti iliyopitiwa na moto wa msitu wa mwaka 2017, hapo hapo mjini.

Septemba 25, 2019, mbele ya watazamaji zaidi ya 14,000, Uruguay ikaishangaza Fiji, 30 kwa 27. Mechi ya pili ilikuwa ya ndugu zetu wa Namibia dhidi ya Kanada, Oktoba 13. Kimbunga Hagibis kikaifuta. Ikaandikwa sare ya 0–0, pointi 2 kila upande. Siku ile ile wachezaji wa Kanada walishika makoleo, wakaingia mitaani kuzoa tope pamoja na wenyeji.