Na nyumba yenyewe iko wapi?

RUKIA: Asalaam alaykum wasikilizaji. Leo tumekaa barazani Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa hiyo pikipiki zikipita mtuwie radhi. Niko na Hamad, mwenzangu katika kazi ya kupima nyumba za zamani na kuziandika kwenye kumbukumbu.

HAMAD: Waalaykum salaam. Da Rukia, unaikumbuka nyumba yetu ya kwanza kuipima?

RUKIA: Ah, usinitie aibu hadharani! Siku mbili nzima tukapiga picha mlango. Nakshi, misumari ya shaba, kizingiti, kila kitu. Tukamwonyesha fundi mmoja mzee, akapekua karatasi zetu, akauliza: "Na nyumba yenyewe iko wapi?"

HAMAD: Alikuwa na haki. Mlango unaweza kung'olewa leo, kesho ukawa meza ya hoteli. Nyumba iko ndani. Mimi sasa naanza na dari: nahesabu boriti, napima upana wa chumba. Vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, upana wake unazunguka mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo.

RUKIA: Yaani mkoko ndio uliochora ramani.

HAMAD: Enhe! Ukikuta chumba kipana kuliko hivyo, uliza: kuna nguzo? Kuna chuma? Au ukuta ulivunjwa? Hapo ndipo penye historia ya nyumba. Halafu nachukua msumari, nachoma vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani.

RUKIA: Kwa nini vichwa?

HAMAD: Ndiko kunakoanza kuoza. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unanyonya maji na kuyatoa. Mtu akija akaupiga plasta ya saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani, yanaila boriti polepole. Kwa nje nyumba inang'aa. Kwa hiyo kwenye fomu usiandike "ukuta mzuri". Andika umepakwa nini.

RUKIA: Sasa kuna watu wanasema, mji umo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Haya makaratasi ya nyumba mojamoja ya nini tena?

HAMAD: Mji ukiingia orodhani haina maana kila chumba kimeandikwa. Itazame Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Sultani Barghash aliijenga 1883. Agosti 1896 manuwari za Waingereza zikapiga mizinga, mnara uliokuwa mbele ukaharibika, na mnara wa saa tuliouzoea ukaja kuunganishwa na jengo baadaye. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ikaanguka, mafundi wawili wakafa, Mungu awarehemu. Haya, ukijenga upya, unajenga ipi?

RUKIA: Ile ya 1883 au ile ya baada ya mizinga.

HAMAD: Bila vipimo vya kila awamu mtabishana kwa picha za posta. Na hilo ni kasri, lina picha tele. Kiduka cha mtaa wa Hurumzi nani alikipiga picha?

RUKIA: Hapo umenigusa. Mimi siku hizi nayapenda maduka kuliko majumba. Zile nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, chini duka, juu familia, na mbele mbao tu za kufungia duka, kutoka ukuta hadi ukuta. Kuna moja nimeipima juzi: kila ubao una namba nyuma, kwa chaki, maana ukikosea mpangilio duka halifungiki. Ya nne imebadilishwa, ni mbao ngeni, nyeupe.

HAMAD: Umeiandika?

RUKIA: Nimeiandika, na namba nimezipiga picha. Mwenye duka alinicheka, "Bibi, unapiga picha chaki?" Lakini akiweka geti la chuma, na wengi wanaweka, nani atajua zilikuwa mbao ngapi?

HAMAD: Ngapi?

RUKIA: Kumi na moja. Twende ukazione, saa hizi ndiyo anafungua.