Wimbo wa Tezen: Kuipeleka Ngano ya Haiti Redioni

Ndugu waandishi na waigizaji, asanteni kwa kunialika. Ngano za Haiti ni nyingi, na anayezigusa mara ya kwanza aghalabu hukimbilia visa vya Bouki na Malis, yule mlafi mzito na yule mjanja. Sisi tuliolelewa na fisi na sungura tunawatambua papo hapo. Leo nawaacha pembeni. Nataka tukae na Tezen, kwa sababu katika ngano hiyo wimbo ndio unaoendesha kila tukio, na sisi tunaoandikia redio hatuna mali nyingine ila sauti.

Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Msichana hutumwa kuteka maji. Chemchemini anaishi samaki aitwaye Tezen, naye anampenda. Msichana akiimba wimbo wa kumwita, samaki huibuka, huchukua chombo na kumtekea maji masafi kutoka chini kabisa. Kaka yake akienda kuteka, hurudi na tope. Wazazi wanaingiwa na shaka. Kaka anamnyemelea dada, anausikia wimbo, anamwona samaki, anakwenda kusema. Siku moja binti anatumwa mbali. Baba anashuka majini, anauimba wimbo uleule, samaki anaibuka, anauawa. Binti anajua kabla hajafika nyumbani, maana Tezen alimwambia kwamba siku ya kifo chake ataona matone ya damu. Anakaa kitini nje ya nyumba, anaimba na kulia, na ardhi inammeza kidogo kidogo. Mama anapokimbilia kumvuta, anabaki na nywele mkononi. Kila mtambaji ana namna yake, lakini huo ndio uti wa mgongo.

Sasa, mahali pa kutoa jasho ni pale baba anapoimba. Kifo hakianzi kwa panga, kinaanza kwa kuibiwa wimbo. Mwandishi akikosea hapo, mchezo mzima umekwenda.

Ili msikilizaji aumie, lazima awe ameshaupokea wimbo huo moyoni. Mimi ningeuweka mara tatu kabla ya baba. Mara ya kwanza mzima, kwa sauti ya binti peke yake, bila ala yoyote. Mara ya pili tunausikia kaka akiwa kichakani, kwa mbali, maneno yakikatwa na upepo na pumzi za mtoto anayejificha. Mara ya tatu binti anauimba kwa kuvumisha tu, midomo imefungwa, anapopepeta nafaka nyumbani, na hapo baba yupo karibu. Hatuambiwi kwamba amesikia. Anakohoa tu, na kupepeta kunakoma.

Ndipo tufike majini. Mwigizaji wa baba asijaribu kuiga sauti ya msichana. Akiiga, watu watacheka, na haki yao. Aimbe kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya mtu asiyezoea kuimba, akiutafuta wimbo wa mapenzi ambao haukutungiwa yeye. Maji yaitikie vilevile kama yalivyomwitikia binti. Msikilizaji atatamani kumpigia kelele Tezen asitoke. Kisha wimbo ukatike kabla ya mstari wa mwisho, ule ambao tumemzoesha kuungoja. Panga lisisikike hata kidogo. Mlio wa panga utampeleka msikilizaji kwenye panga, na mstari uliokosekana utampeleka kwa Tezen.

Kuna tatizo jingine ambalo lilinisumbua sana: maji masafi. Usafi wa maji ni jambo la macho, nasi hatuna macho. Wengi huandika, “Loo, tazama maji haya yalivyo meupe!” Hakuna mzazi anayesema hivyo jikoni. Mpeni baba kata ya maji aliyoleta kaka, anywe, ateme, mchanga usagike menoni. Halafu mpeni ya binti. Anywe yote bila kupumua, anyamaze, aulize taratibu, “Nani kateka haya?” Swali hilo limebeba kiu, furaha na shaka kwa pamoja.

Tuje kwenye kufungua hadithi. Haiti mtambaji huita “Krik?” na wanaosikiliza hujibu “Krak!” Diane Wolkstein, Mmarekani aliyekusanya ngano hizi huko Haiti na kuzichapisha mwaka 1978, anaeleza kwamba wito ule ni ombi la kweli: wasipoitikia kwa hamu, mtambaji hukaa kimya na mwingine hujaribu bahati. Sisi tuna “Paukwa!” na “Pakawa!”, na mnajua mtoto asiyeitikia humvunja bibi moyo. Redio humnyima fanani hadhira yake. Kwa hiyo nashauri hadhira iwekwe studioni, watu sita au saba wa rika tofauti, wapewe kipaza sauti chao, waitikie, waguswe, waimbe kibwagizo. Na baba anapoanza kuuimba wimbo, hao watu wagome kuitikia. Ukimya wao utakuwa hukumu ambayo hakuna mhusika anayeitamka.

Wala msidhani kwamba Haiti ni nchi ya ngano za kando ya moto tu. Redio kule imelipiwa kwa damu. Mwanahabari Jean Dominique wa Radio Haïti-Inter, aliyewasemesha wakulima kwa Krioli, lugha ya watu wa kawaida wa Haiti, zama ambazo Kifaransa ndicho kilichohesabiwa lugha ya wenye heshima, alipigwa risasi katika uwanja wa kituo chake tarehe 3 Aprili 2000. Krioli yenyewe ilipata kuwa lugha rasmi katika katiba ya mwaka 1987. Naye mtambaji wa Haiti Maurice Sixto, aliyefariki mwaka 1984, alirekodi visa ambamo peke yake alikuwa tajiri, mtumishi na mtoto. Tafuteni sauti yake hata kama Krioli hamuijui.

Kwa hiyo naomba heshima katika mambo mawili. Msijaze ngoma kila pembe ili mchezo “unukie Afrika”. Na msimgeuze Tezen kuwa jini la kutisha. Kwa watu wanaoamini kwamba chini ya maji kuna Lasirèn, roho ya kike yenye umbo la nguva, samaki anayependa si kituko.

Tena, kisitungwe kipeperushi. Michezo yetu ya redio imezoea kufundisha, na Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993, ilifanya kazi kubwa kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ila Tezen hana somo la kutangazwa mwishoni. Mtaombwa muongeze mstari kuhusu wazazi na mabinti. Kataeni.

Haki nazo msizipuuze. Ngano ni ya watu wa Haiti, lakini maneno ya kitabu yana mwenyewe. Sikilizeni masimulizi kadhaa, kisha andikeni mazungumzo yenu.

Sasa nagawa kurasa mbili za onyesho la chemchemini. Tutazisoma kwa sauti. Nahitaji baba mmoja, binti, na wote waliobaki ni hadhira. Atakayekuwa baba asiusome wimbo kwanza. Ausikie kwa binti, kisha ajaribu kuukumbuka.