Mazuku na ramani ya nyumba: mhadhara kwa wanafunzi wa usanifu majengo, Goma

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana narudi palepale: mazuku, gesi ya kuua inayojikusanya mabondeni. Neno hili ni letu, la Kiswahili cha huku, na wataalamu wa volkano ng'ambo wanalitumia vilevile. Halafu kijana aliyezaliwa Goma ananiletea ramani yenye sebule iliyozama ngazi tatu chini ya ardhi!

Gesi hii ni kaboni dioksidi, inapenya kwenye nyufa za mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutafuta bonde kama maji. Usiku upepo ukitulia inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika. Ndiyo maana alfajiri watu hukuta mbuzi wamelala shimoni, hawaamki tena.

Mteja mmoja alikuwa na kiwanja kando ya ziwa, njia ya Sake. Alitaka chumba cha chini, na shimo lilikwisha kuchimbwa. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Fundi, mzee mwenye mvi, hakubishana naye. Alifunga mshumaa kwenye ncha ya ufito mrefu, akauwasha, akauteremsha polepole. Ukawaka, ukawaka, na ulipobakiza kimo cha goti kufika chini, ukazimika kama umetiwa majini. Akauwasha tena. Ukazimika palepale. Akamgeukia mteja: "Papa, mtoto atalala wapi?" Wiki ileile shimo likafukiwa.

Najua mtasema: tutaweka feni. Umeme ukikatika saa nane za usiku, nani ataamka kuiwasha, na ataamka kweli? Inueni sakafu. Acheni upepo upite chini yake. Vitanda viwe juu, wala mtu asitandike godoro chini. Na kama sebule ile mmeiona kwenye picha za Brussels, Brussels haikujengwa juu ya lava.

Lava yenyewe basi, ile ya Nyiragongo, volkano yetu, kwa kifupi. Januari 17, 2002 ilipasua katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu walirudi, wakavunja jiwe lile jeusi, wakajengea kuta. Ni jiwe zuri, nalipenda, lakini lifungwe kwa mkanda wa zege na nondo: Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, mitetemeko iliendelea siku kadhaa na kuta nyingi zikapasuka. Nyumba ya mbao mnayoidharau huyumba, kisha ikasimama. Bibi zenu hawakuichagua kwa umaskini tu.

Mabati yanavyoliwa na mvua ya tindikali, na floridi katika maji ya mvua tunayokinga, itabidi niyaache leo.

Wenye chumba cha chini katika ramani zao, kesho saa kumi na mbili asubuhi tukutane njia ya Sake, kuna shimo jingine limechimbwa. Leteni mshumaa na ufito mrefu. Tutasimama upande upepo unakotoka, na hakuna atakayeshuka.