Polisi wa, Polisi ya

ILUNGA: Yaya Nadège, weka kwanza ile karatasi yako ya maswali matatu. Jumanne, njia ya Kasenga, nimesimamishwa. Polisi ananiambia: "Leta polisi." Nikageuka kumtafuta mwenzake.

NADÈGE: (anacheka) Alitaka polisi ya asiransi, ile hati ya bima ya gari, mdogo wangu.

ILUNGA: Basi tupange ngeli. Polisi wa, ana filimbi. Polisi ya, ina muhuri.

NADÈGE: Na yako ilikuwa na kasoro gani?

ILUNGA: Plaki. Namba 3 imeandikwa 8. Nimelipa, tarehe bado, ila inakinga gari la mtu mwingine.

NADÈGE: Hapo sicheki. Ukigonga mtu, kampuni inaweza kusema gari hilo hatulijui. Usitoke ofisini kabla ya kulinganisha na karatasi ya pinki ya gari: plaki, namba ya shasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Halafu matumizi. Hayo ndiyo yanayoangusha wengi: gari limeandikwa la familia, kumbe linabeba abiria kutoka mtaa wa Kenya hadi Katuba, hapa Lubumbashi. Siku ya ajali wanakuambia ulidanganya wakati wa kusaini.

ILUNGA: Polisi wa hasomi hayo.

NADÈGE: Hasomi, na ndiyo maana watu wananunua karatasi ya kumwonyesha yeye. Wanachukua ile ya lazima peke yake, halafu wanashangaa. Ile inamlipa uliyemgonga. Bampa yako wewe, jitafutie.

ILUNGA: Kwa hiyo polisi ya ni chakula cha polisi wa.

NADÈGE: Ilunga! Tuingie kwenye mada. Msikilizaji ametutumia ahadi za mgombea wa California, Marekani, anayetaka kiti cha kusimamia asiransi. Kule kiti hicho kinapigiwa kura, tangu wananchi walipopitisha sheria yao ya 1988, Proposition 103. Kampuni haipandishi bei ya asiransi ya gari au nyumba kabla msimamizi hajakubali. Nyongeza ikizidi asilimia 7, na mteja akaomba kwa wakati kikao cha kuijadili, lazima kikao kifanyike.

ILUNGA: Na anayetetea wateja kikaoni, hoja zake zikisaidia kweli, analipwa gharama zake. Hiyo ndiyo ninayoipenda. Hapa Kongo msimamizi ni ARCA, mamlaka ya asiransi, na mkuu wake anateuliwa. Nani atamnyima kura?

NADÈGE: Kura haisomi hesabu. Mgombea akiahidi "bei haitapanda", watu watapiga vigelegele. Mei 2023 kampuni ya asiransi ya State Farm ilisimamisha maombi mapya ya asiransi ya nyumba California. Bei nafuu ya kitu ambacho hakiuzwi ni nafuu gani?

ILUNGA: Kampuni yenyewe ilitaja gharama za ujenzi, majanga, na soko la asiransi ya asiransi.

NADÈGE: Na unapokuwa na gharama hizo, huku bei inasubiri ruhusa, unafanyaje? Unafunga dirisha.

ILUNGA: Ngoja. Asiransi nayo inakata asiransi?

NADÈGE: Ndiyo. Kampuni inagawa hatari yake kwa kampuni nyingine, ili mji mzima ukiungua isianguke peke yake.

ILUNGA: Nayo inapewa polisi?

NADÈGE: Ya! Polisi ya!

ILUNGA: Kwa hiyo mpakani Kasumbalesa, ukivuka kwenda Zambia na kadi ya njano ya COMESA, ile ya asiransi ya gari nje ya nchi, polisi wa Zambia anaangalia polisi ya Kongo...

NADÈGE: Kadi ya njano haisimami peke yake, inaegemea polisi yako ya nyumbani. Polisi ya ikiisha, kadi haikufai. Umeniondoa njiani tena.

ILUNGA: Narudi. Sisi tulikuwa na duka moja, SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, tangu 1966 hadi sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko. Nani alikuwa anaulizwa kuhusu bei? Mimi nataka kikao, hata kiwe cha kelele.

NADÈGE: Mimi nataka msimamizi anayekagua kama kampuni imetenga pesa za kulipa ajali. Bei ya chini yenye kasha tupu ni wizi wa polepole.

ILUNGA: Na kasha lililojaa kwa kunikamua mimi?

NADÈGE: Hama kampuni. Soko limefunguliwa kwa sababu hiyo.

ILUNGA: Nihamie wapi kama zote zimepandisha?

NADÈGE: Sikubali.

ILUNGA: Hata mimi.

NADÈGE: Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili! Na maswali yangu matatu ya kumuuliza mgombea?

ILUNGA: Soma la kwanza.

NADÈGE: "Kampuni ikichelewa kulipa, utaiadhibu kwa..." Nani anagonga mlango?

ILUNGA: Polisi.

NADÈGE: Wa au ya?