Mkoba, Funguo Mbili na Urani ya Shinkolobwe: Mhadhara Kuhusu Filamu za Misimbo ya Nyuklia

Wakubwa wetu mlioketi mbele, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mnaojifunza kazi ya kamera hapa Lubumbashi, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie aina ya filamu ambayo wasomi huidharau lakini ambayo wengi wenu mmeitazama, ama katika vyumba vya video vya mitaa ya Kenya na Katuba ya mji huu, ama nyumbani kwenye diski moja iliyobanwa filamu nane. Ni filamu za mapigano zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, ambamo jambazi ameiba misimbo ya kurushia makombora ya nyuklia, na komando mmoja aliyekwisha kustaafu, mara nyingi aliyefiwa na mkewe, anaombwa arudi kazini aikomboe kabla saa yenye tarakimu nyekundu haijafika sufuri. Sikuja kuzicheka, kwa sababu watu waliozitengeneza walijua kazi yao. Nimekuja kuuliza kwa nini jambazi huyo haibi bomu, bali huiba misimbo. Nadhani jibu limo katika daftari la hesabu la mtayarishaji kuliko katika siri za jeshi, na nadhani pia kwamba uamuzi huo wa kibiashara umetuzoesha kumwogopa mtu asiyehusika.

Tuanze na daftari hilo. Kanda za VHS ziliingia sokoni Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 maduka ya video ya Marekani na Ulaya yalihitaji filamu nyingi kuliko studio kubwa zilivyoweza kutoa. Hapo ndipo kampuni kama Cannon, iliyonunuliwa mwaka 1979 na Menahem Golan na Yoram Globus, zilipopata nafasi yao. Utaratibu ulikuwa kuchora bango kwanza, kulipeleka kwenye masoko ya filamu ya Cannes au Milano, kuuza haki za kuonyesha filamu katika nchi moja baada ya nyingine, kisha kutumia ahadi hizo za malipo kukopa fedha za kutengeneza filamu ambayo pengine muswada wake ulikuwa bado haujaandikwa. Hadithi inayouzwa kwa bango lazima ieleweke kwa kutupia jicho mara moja. Mtu mwenye bunduki, mkoba uliofungwa kwa pingu kwenye kifundo cha mkono, kombora likipaa nyuma yao: mnunuzi wa Manila na mnunuzi wa Milano wote wameshaelewa, bila mkalimani.

Baada ya bango huja upigaji wenyewe, na hapo ndipo misimbo inapoonyesha thamani yake, maana ukitaka kuonyesha manowari ya nyuklia utahitaji manowari, na ukitaka kuonyesha mji ulioteketea utahitaji mji, lakini ukitaka kuonyesha misimbo unahitaji kipande cha karatasi, au diski, au kadi ya plastiki, na mwigizaji anayejua kukishika kwa woga. Kitu kidogo kinachoweza kubadilishana mikono mara sita katika dakika tisini ni neema kwa mwandishi, kwa sababu kila anayekishika anafukuzwa, na kufukuzana ni rahisi kupiga picha. Hata kombora lenyewe halikununuliwa: sheria ya Marekani haitoi hakimiliki kwa kazi iliyofanywa na mtumishi wa serikali kuu akiwa kazini, kwa hiyo picha za majaribio ya makombora zilizopigwa na wanajeshi zinaweza kuingizwa ndani ya filamu bila malipo ya haki. Ndiyo maana mtazamaji makini huona ghafla rangi ikibadilika, chembe za picha zikikua, na kombora likitoka ardhini katika hali ya hewa isiyofanana na ya tukio lililotangulia.

Naomba tukitazame kwa karibu chumba cha kurushia, kwa sababu kila filamu ya namna hii ina kimoja. Kwa kawaida ni karakana au chumba cha mitambo cha kiwanda kilichofungwa. Baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwaka 1989, Ulaya ya mashariki ilikuwa na majengo mengi ya aina hiyo pamoja na mafundi hodari waliokubali ujira mdogo, na kampuni ya Nu Image, iliyoanza mwaka 1992, ilihamishia sehemu kubwa ya kazi zake Bulgaria hadi ikainunua studio ya Boyana mjini Sofia. Katika chumba hicho taa za bluu hupigwa toka chini ili kuficha kuta zisizopakwa rangi. Kuna ramani ya dunia ukutani na kompyuta tatu, na moja tu kati yake inawaka kweli. Jambazi anaandika tarakimu, kompyuta inalia, maneno ya kukubali yanatokea kwa herufi kubwa, na saa inaanza kurudi nyuma. Mtu mmoja ameketi peke yake mbele ya kibodi, na dunia imo mikononi mwake.

Sasa tuulinganishe mchezo huo na mambo yanayojulikana hadharani. Rais wa Marekani hufuatwa na afisa wa jeshi anayebeba mkoba mzito wa ngozi, na ndani yake hakuna kitufe. Mna nyaraka zinazoeleza mipango ya mashambulizi iliyokwisha kuandaliwa, pamoja na njia za mawasiliano. Rais mwenyewe hubeba kadi ndogo yenye herufi na tarakimu zinazobadilishwa kila mara, na kazi ya kadi hiyo ni moja tu: kumthibitishia afisa aliye upande wa pili wa simu kwamba anayezungumza ni rais kweli. Kadi hairushi chochote. Mwizi akiipata atalazimika pia kuwa na sauti ya rais, laini ya rais, na maafisa wanaoamini kwamba rais yuko mahali alipo mwizi. Jenerali Hugh Shelton, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 2010 kwamba wakati wa utawala wa Clinton kadi hiyo ilipotea kwa miezi kadhaa bila wakubwa kuambiwa. Hakuna aliyepigwa risasi wala helikopta iliyolipuka. Kadi mpya ilitolewa, na maisha yakaendelea.

Chini ya ardhi, katika vituo vya Minuteman, makombora ya nyuklia ya Marekani ya masafa marefu, maafisa wawili huketi kwa zamu, na swichi za funguo zao zimewekwa mbali kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuzizungusha zote mbili kwa mikono yake. Amri inapofika, kila mmoja huilinganisha na misimbo iliyofungiwa katika sanduku lenye makufuli mawili, lake na la mwenzake. Hata wakikubaliana na kuzungusha funguo kwa pamoja, kituo chao kimepiga kura moja tu. Katika kikosi cha makombora 50 kuna vituo vitano, na kwa kawaida kura ya kituo cha pili inahitajika kabla kombora halijaondoka. Wabunifu wa mfumo huu walikwisha kumfikiria jambazi wetu tangu zamani, wakamwekea vizuizi kimoja baada ya kingine. Mwaka 1962 Rais Kennedy aliagiza silaha za nyuklia za Marekani zilizokuwa Ulaya ziwekewe kufuli zisizofunguka bila msimbo. Bruce Blair, aliyewahi kuwa afisa wa makombora ya Minuteman, alieleza miaka mingi baadaye kwamba msimbo wa kufungulia makombora hayo uliachwa kuwa sufuri nane hadi mwaka 1977, kwa sababu makamanda waliogopa kuchelewa kuliko walivyoogopa kuibiwa. Jeshi la anga limekanusha. Lakini ikiwa Blair alisema kweli, mnaweza kuiona hasara ya mtayarishaji wetu: dakika tisini za kufukuzana kwa ajili ya sufuri nane.

Hofu kubwa zaidi ilikuwa mahali pengine, na hapo filamu zetu hazifiki kabisa. Mwaka 1973 Meja Harold Hering, aliyekuwa akifundishwa kazi ya kurusha Minuteman, aliuliza darasani angejuaje kwamba amri aliyopokea imetoka kwa rais mwenye akili timamu. Aliondolewa katika mafunzo, kisha akatolewa jeshini. Swali lake halikuhusu wizi. Lilihusu amri halali, iliyothibitishwa kwa misimbo halali, ikitoka kwa mtu halali, kwa sababu katika utaratibu wa Marekani rais huamua peke yake, na hakuna mwingine anayetakiwa kukubali uamuzi huo. Mfumo uliojengwa ili mwizi asiweze kupita umejengwa pia ili mwenye nyumba asizuiwe.

Kisha kuna makosa ya mashine. Tarehe 3 Juni 1980 vituo vya tahadhari vya Marekani vilionyesha makombora ya Kisovieti yakija kwa wingi, na baadaye ikabainika kwamba chipu moja ya kompyuta, yenye bei ya senti 46, ilikuwa imeharibika. Tarehe 26 Septemba 1983 Luteni Kanali Stanislav Petrov, akiwa zamu katika kituo cha tahadhari kusini mwa Moscow, aliarifiwa na kompyuta kwamba makombora matano yamerushwa kutoka Marekani. Aliripoti kwa wakubwa wake kwamba ni hitilafu, ingawa hakuwa na uthibitisho, kwa hoja kwamba hakuna anayeanza vita vya namna hiyo kwa makombora matano. Satelaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua uliopiga mawinguni. Hebu vijana mpige hesabu ya tukio hilo: chumba kimoja, simu mbili, taa nyekundu, mtu aliyechoka. Bajeti yake ni ndogo kuliko ya filamu yoyote niliyoitaja tangu nianze kusema, na sioni kwa nini mtu wa Lubumbashi ashindwe kuipiga.

Nimefika Lubumbashi kwa makusudi, maana katika mji huu hatuwezi kuzungumzia bomu kana kwamba ni habari za ughaibuni. Barua ambayo Albert Einstein alimwandikia Rais Roosevelt tarehe 2 Agosti 1939 iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo kikuu cha urani, madini yanayotengenezewa bomu la nyuklia, na urani hiyo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwa jasho la wachimbaji wa Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi huo, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za madini hayo hadi New York, zikalala katika ghala la Staten Island huku maafisa wa Marekani wakichelewa kuzitilia maanani. Mnamo Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols, wa mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu, aliingia ofisini kwa Sengier, na kabla saa haijaisha walikuwa wameafikiana, mapatano yao yakiwa yameandikwa kwenye karatasi ya njano. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka katika shimo lile. Karatasi ile ya njano ina uzito kuliko misimbo yote ya filamu, na haikuibwa na mtu: ilisainiwa mchana, na wenye ardhi hawakuulizwa.

Misimbo ni hatari isiyo na udongo. Haina mgodi, haina mchimbaji, haina vumbi linaloingia kifuani. Mtayarishaji aliichagua kwa sababu ni nafuu, na simlaumu, lakini pamoja na unafuu huo alitupatia dunia ambamo nyuklia huanzia kwenye mkoba wa rais na kuishia kwenye kidole cha jambazi, na Likasi haimo.

Mkitaka wizi wa kweli, upo, tena ni wa nyumbani. Kinu cha nyuklia cha utafiti cha Kinshasa, kilichoanza kufanya kazi mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Miaka ya 1970 fimbo za fueli yake zilitoweka, na mwaka 1998 polisi ya Italia ilikamata moja kati yake mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Fimbo hiyo isingeweza kutengeneza bomu, na hapo ndipo mwandishi mwenye akili atakapoanzia: watu wanauza hofu, mnunuzi ni askari aliyejificha, na huko nyuma, Kinshasa, kuna ghala na daftari la mali ambalo lazima mtu fulani alilisaini kila mwezi. Ningependa kumwona huyo aliyesaini awe mhusika mkuu, na ningependa afikiwe na kamera kabla ya mafia wa Roma, kwa sababu kilichomfanya asaini, iwe njaa au amri kutoka juu, ni jambo ambalo mwigizaji wa hapa analijua bila kufundishwa.

Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali. Wenye miswada mifukoni waanze.