Seva Inakula RAM na top Haioni Kitu: Kukagua Mvujo Kwenye Draiva ya Hifadhi

Habari zenu, karibuni. Leo tunaingia kwenye terminali moja kwa moja. Seva inapungukiwa RAM kidogo kidogo, unafungua top (orodha ya programu zinazoendeshwa na RAM inayotumiwa na kila moja), unazipanga programu kwa ukubwa, unajumlisha, na jumla haifiki hata nusu ya kilichotumika. Basi huenda mlaji yumo ndani ya kerneli yenyewe, kiini cha Linux, na kerneli haimo kwenye ile orodha.

Mfano wetu ni CVE-2019-19066 (CVE ni namba ya usajili wa udhaifu wa usalama), mvujo wa kumbukumbu, yaani RAM inayoombwa na kutorudishwa, uliokuwa kwenye draiva ya bfa ya Linux. Draiva hii inaendesha kadi za Brocade za Fibre Channel, zile zinazoiunganisha seva na diski zilizoko kwenye mtandao wa hifadhi. Maelezo rasmi yanataja kerneli hadi toleo 5.3.11.

Tuanze na msimbo wenyewe. Faili ni drivers/scsi/bfa/bfad_attr.c, funksheni ni bfad_im_get_stats(). Nimeikuza kidogo kwa ajili ya mnaotazama kwenye simu. Mstari huu unaomba kumbukumbu kwa kzalloc, na anwani yake inawekwa kwenye fcstats. Chini yake inaitwa bfa_port_get_stats() ilete takwimu za kadi. Zikija salama, zinanakiliwa, kisha kfree inairudisha ile kumbukumbu. Hapo hakuna tatizo. Sasa tazama zisipokuja: return NULL, yaani rudi mikono mitupu, imeisha hiyo. Funksheni imeondoka, anwani imepotea nayo, na hakuna mwingine anayejua kile kipande kiko wapi. Ni kama kukodi viti vya harusi, harusi ikaahirishwa, watu wakaondoka na viti vimeachwa uwanjani.

Kiraka chake, yaani marekebisho ya msimbo, ni kfree(fcstats) kabla ya ile return NULL, pamoja na mabano ya kuvishikanisha. Basi! Mwenye nakala ya msimbo wa kerneli aandike git show 0e62395da2bd ajionee. Ndiyo maana mimi nikipitia draiva ya mtu, naanza na zile return zilizo katikati ya funksheni. Njia ya mafanikio inapitiwa kila siku. Ya kushindwa inaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Je, nani anaweza kuuchokoza mvujo huu? Hizo takwimu zinasomwa kupitia /sys/class/fc_host, ndani ya folda ya statistics ya kila kadi. Faili humo ni zaidi ya kumi, na kila faili ikisomwa, draiva inaulizwa upya. Sasa fikiria programu ya ufuatiliaji inayozipitia zote kila dakika, usiku na mchana, huku kadi imeshindwa kufanya kazi. Kila usomaji unaacha kipande. Hapo huhitaji hata mdukuzi. Mfumo wako mwenyewe unajimaliza.

Haya, ukaguzi. Andika lsmod | grep bfa. Isipotoka kitu, moduli, yaani draiva yenyewe, haijapakiwa, na kwa udhaifu huu mahususi huna haja ya kukesha, hata kama skana ya usalama imekupigia kelele nyekundu. Skana nyingi zinasoma namba ya toleo tu, hazijui seva yako ina kadi gani.

Ikitoka, andika uname -r uone toleo la kerneli, lakini usiamini namba peke yake. Wasambazaji wa Linux hupachika viraka kwenye matoleo ya zamani. Red Hat Enterprise Linux 8, kwa mfano, inatumia kerneli ya 4.18 iliyojaa marekebisho ya matoleo mapya. Kwa hiyo endelea na rpm -q --changelog kernel-core | grep 2019-19066. Mstari ukionekana, kiraka kimo kwenye kifurushi hicho. Hakikisha tu kwamba ndicho kilichowashwa sasa hivi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inafaa kwa draiva yoyote. Andika grep -E 'Slab|SReclaimable|SUnreclaim' /proc/meminfo. Slab ni kumbukumbu ambayo kerneli inaitumia kwa vipande vyake vidogo vidogo. SReclaimable ni sehemu yake ambayo kerneli inaweza kuiachia ikibanwa. SUnreclaim haiachiwi namna hiyo. Andika namba mahali, rudi baada ya saa kadhaa, linganisha. Ikipanda na kushuka, ni kazi za kawaida. Ikipanda tu, hata wakati seva haina wateja, fungua slabtop -s c uone ni fungu gani linalonenepa. Likiwa mojawapo ya yale yanayoanza na kmalloc, jina halitakuambia mvujishaji ni nani, kwa sababu draiva nyingi zinachota humo.

Kumpata mvujishaji kunahitaji kmemleak, chombo cha kutafuta mvujo ndani ya kerneli, cha Catalin Marinas, kilichoingia kwenye Linux 2.6.31 mwaka 2009. Kerneli za kawaida za seva mara nyingi hazina, kwa hiyo hakikisha: grep CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK=y /boot/config-$(uname -r). Kama haimo, washa kerneli ya majaribio kwenye mashine ya pembeni. Tafadhali, usiifanyie hii mashine ya wateja, inapunguza kasi. Ukiwa root (msimamizi mkuu wa mashine), andika echo clear > /sys/kernel/debug/kmemleak, chokoza kosa, halafu echo scan kwenye faili hiyohiyo. Rudia scan mara ya pili, maana ya kwanza huweza kumsingizia asiyehusika. Kisha cat. Ukiona unreferenced object (kipande kisichoelekezwa na anwani yoyote), shuka kwenye backtrace, orodha ya funksheni zilizoitana: jina la funksheni iliyoomba kumbukumbu limeandikwa pale.

Dawa ni kusasisha kerneli na kuwasha upya. Kuiondoa moduli kwa modprobe -r hakurudishi vipande vilivyokwisha kupotea. Kama leo huwezi kuwasha upya, iambie programu ya ufuatiliaji iache kusoma folda ya statistics hadi usiku wa matengenezo, na SUnreclaim iendelee kuangaliwa: ikiendelea kupanda hata hivyo, huenda bfa siyo mhusika, rudi kwenye slabtop.